Je, Wajua? Maziwa Yanayogoma Kuganda na Dawa Isiyoonekana

Je, wajua kwamba waliotangulia kulalamikia antibiotiki ndani ya chakula hawakuwa madaktari wala wakemia? Walikuwa watengeneza jibini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, penisilini ilipoacha kuwa dawa ya askari majeruhi, wafugaji wa Ulaya na Marekani walianza kuipenyeza ndani ya chuchu za ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele. Ng'ombe wakapona vizuri. Huko viwandani, maziwa yakaanza kugoma. Bakteria wa kugandishia wametiwa, joto ni lile lile la kila siku, pipa limeoshwa, na bado asubuhi maziwa yako vile vile, mepesi na matamu. Dawa iliyotumwa kuua vijidudu vya kiwele ilikuwa haijamaliza kazi yake. Ilitoka na maziwa, ikaingia kiwandani, ikaua na bakteria ambao jibini haliwezi kupatikana bila wao.

Anayetengeneza mtindi nyumbani anaweza kukutana na mgomo huo huo. Maziwa yamechemshwa, yamepozwa hadi yakawa vuguvugu, yametiwa kijiko cha mtindi wa jana, yamefunikwa usiku kucha mahali penye joto, na kumekucha hayajaganda. Si kila mara kosa ni la dawa. Mtindi wa mbegu huenda ulikuwa umekufa, au ulitiwa maziwa yangali ya moto, au usiku ulikuwa wa baridi kali. Lakini maziwa ya muuzaji mmoja yakigoma na ya jirani yake, kwa mbegu ile ile na sufuria ile ile, yakaganda, ni haki kabisa kumuuliza kama ana ng'ombe aliyetibiwa wiki hii. Maabara zina kipimo kamili kinachotegemea bakteria wa mtindi wa kiwandani, Streptococcus thermophilus, na katika miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton nchini Kenya walikichunguza kwa ajili ya maziwa ya huko.

Je, wajua kwamba mojawapo ya vipimo vya maziwa vilivyoenea zaidi duniani husoma jambo ambalo halikutokea? Kinaitwa Delvotest, nacho kilibuniwa katika mji wa Delft, Uholanzi, miaka ya 1970. Ukikishika mkononi ni kichupa kidogo chenye rojo gumu la rangi ya zambarau. Ndani ya rojo hilo wamo bakteria waliolala katika hali ya spora, pamoja na chakula chao. Mpimaji hudondosha maziwa kidogo sana, sehemu moja ya kumi ya mililita, kisha huweka kichupa kwenye joto la nyuzi 64 za Selsiasi kwa karibu saa 3. Kama maziwa ni salama, bakteria huamka, hula, hutoa asidi, na asidi hiyo hugeuza zambarau kuwa manjano. Kama yana dawa ya kutosha, hawaamki, na rangi inabaki zambarau. Anayepima, basi, huomba rangi ibadilike. Kichupa kisichobadilika ndicho kinachomwaga maziwa ya siku nzima.

Bakteria anayefanya kazi hiyo, Geobacillus stearothermophilus, ana sifa zinazostahili kutajwa. Alielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1920, baada ya kupatikana katika chakula cha makopo kilichoharibika ingawa kilikuwa kimepikwa kwa joto kali. Ugumu wake huo umempa ajira nyingine hospitalini: spora zake huwekwa ndani ya mashine ya kutakasia vifaa vya upasuaji, na zikifa, wahudumu hujua kwamba vifaa viko tayari. Kwenye maziwa alichaguliwa kwa sababu mbili. Hustawi katika joto ambalo bakteria wengi waliomo kwenye maziwa hawaliwezi, hivyo hawamvurugii kazi. Tena penisilini humwangusha kwa kiasi kidogo mno.

Kidogo kiasi gani? Codex Alimentarius, mfumo wa viwango vya chakula unaosimamiwa na FAO pamoja na WHO, umeweka kikomo cha maikrogramu 4 za benzilipenisilini kwa lita moja ya maziwa. Maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Tuseme miligramu 100 za penisilini zimetoka kwenye kiwele na kuingia kwenye maziwa. Zinatosha kufikisha lita 25,000 kwenye kikomo hicho. Ng'ombe mmoja aliyekamuliwa kabla ya wakati anaweza kuharibu maziwa ya kijiji kizima yakishachanganywa kwenye tangi moja. Ningependa kila mwenye kituo cha kukusanyia maziwa aipige hesabu hiyo mwenyewe, kwa kalamu na karatasi.

Je, wajua kwamba maabara huweza kuitambua penisilini kwa kuivunja? Kichupa kimebaki zambarau, lakini hakijasema ni dawa gani. Mpimaji huchukua maziwa yale yale, huyatia penisilinasi, yaani kimeng'enya kinachovunja penisilini, kisha hurudia kipimo. Safari hii rangi ikigeuka manjano, mkosaji ni penisilini au ndugu yake wa karibu. Kimeng'enya hicho ni silaha ya bakteria sugu, nasi tumeiazima kwa kazi njema. Nchini China kuna waliokiazima kwa kazi mbaya: walikitia kwenye maziwa yenye mabaki ili yapite ukaguzi. Mwaka 2009 serikali ya nchi hiyo ilikiweka kwenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa kutiwa kwenye chakula, na maabara zikalazimika kubuni vipimo vya kumtafuta mfichaji badala ya kilichofichwa. Vipande vya penisilini iliyovunjwa navyo vinaweza kumdhuru mtu mwenye mzio, kwa hiyo maziwa yaliyofanyiwa ujanja huo hayajawa salama.

Bakteria wachunguzi nao hudanganyika. Maziwa ya dang'a, yale ya siku za kwanza baada ya kuzaa, yamejaa kinga asilia inayozuia bakteria kukua. Kadhalika maziwa ya kiwele kilichovimba, hata kama mnyama hajaguswa na sindano. Kichupa hubaki zambarau na mfugaji asiye na hatia akashutumiwa. Ndiyo maana maziwa yanayotiliwa shaka hupashwa kwanza hadi nyuzi 80 hivi kwa dakika 10. Kinga asilia huvunjika kwa joto hilo, dawa nyingi hubaki, na kipimo kikirudiwa haki huonekana. Maziwa ya ngamia yanataka uangalifu zaidi, maana yana kinga nyingi ya aina hiyo kwa asili yake.

Asali ndiyo iliyowashinda kabisa bakteria wachunguzi. Yenyewe huua vijidudu: sukari yake nyingi huwanyima maji, na ikichanganywa na maji hutengeneza haidrojeni peroksidi. Ukiidondosha kwenye kichupa cha bakteria, karibu kila asali itaonekana ina dawa. Kwa hiyo huchunguzwa kwa mashine au kwa vipimo vya kingamwili. Mnunuzi wa Ulaya anasisitiza uchunguzi huo kwa sababu katika nchi nyingi nyuki hupewa tetrasiklini kutibu ugonjwa wa kuoza kwa mabuu, na Umoja wa Ulaya haujaweka kikomo chochote kinachoruhusiwa cha antibiotiki kwenye asali. Nchi inayotaka kuuza huko lazima iwe na mpango wa kila mwaka wa kuchunguza mabaki, uliokubaliwa na Umoja huo. Tanzania imekuwamo kwenye orodha ya nchi hizo kwa upande wa asali. Mrina asali wa misitu ya miombo, ambaye nyuki wake hawajawahi kuonja dawa, bado anahitaji maabara imshuhudie.

Je, wajua kwamba moto wa jikoni hauna msaada mkubwa hapa? Kuchemsha maziwa ni lazima, na asiache mtu kwa kusoma makala haya: moto huua vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Lakini dawa si kijidudu. Penisilini na tetrasiklini hupungua kwa kiasi kwenye joto kali la muda mrefu kuliko lile la kuinua povu mara moja na kuipua. Dawa za jamii ya enrofloksasini hutoka kwenye sufuria karibu kama zilivyoingia. Ladha haibadiliki, harufu haibadiliki, rangi haibadiliki.

Na vifaa vya kawaida vya kituoni havizioni. Laktomita huelea kueleza kama maziwa yametiwa maji. Kipimo cha alkoholi hueleza kama yameanza kuchacha. Maziwa yenye dawa huvipita vyote viwili kwa heshima, pengine kuliko mengine, kwa kuwa dawa huchelewesha kuchacha. Hapo pana kishawishi kibaya, na ni vyema kukitaja wazi: mchuuzi mwenye safari ndefu na asiye na barafu anaweza kuona dawa ni njia ya kufikisha maziwa sokoni yakiwa mazima.

Tuende Nubia, kaskazini mwa Sudan, kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote katika elimu hii. Mwaka 1980 mwanafunzi wa anthropolojia kutoka Marekani, Debra Martin, alikuwa akitazama vipande vyembamba vya mifupa ya Wanubi waliozikwa kati ya mwaka 350 na 550 baada ya Kristo. Alitumia hadubini yenye mwanga wa urujuanimno. Mifupa iling'aa rangi ya manjano yenye ukijani. Mng'ao huo wataalamu waliujua: ni alama ya tetrasiklini, dawa iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1940. Watu wa miaka 1,500 iliyopita waliipata wapi? Profesa George Armelagos na wenzake walieleza kwamba ilitoka kwenye pombe. Nafaka iliyotumiwa ilikuwa imeota Streptomyces, bakteria wa udongoni ambao hutengeneza tetrasiklini kwa asili yao, na Wanubi wakawa wanakunywa dawa kwenye pombe yao nzito bila kuijua kwa jina. Wapo walioshuku kwamba mifupa ilichafuliwa kaburini. Mwaka 2010 mkemia Mark Nelson, akishirikiana na Armelagos, aliiyeyusha mifupa kwa haidrojeni floridi, asidi hatari kupita kiasi, akaipima kwa mashine, na tetrasiklini ikathibitika imo, tena kwa wingi unaoonyesha ilinywewa kwa muda mrefu.

Siri yake ni kalsiamu. Tetrasiklini huikumbatia kalsiamu popote inapoikuta, ikazikwa nayo mfupa na jino vinapokua. Ndiyo sababu madaktari hukataza kumeza vidonge vyake kwa maziwa, na ndiyo sababu huepuka kuwapa watoto wadogo, kwa kuwa meno hugeuka rangi milele. Wataalamu wa wanyamapori wameigeuza tabia hiyo kuwa daftari: wakitega chambo chenye chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mbweha wa Ulaya au rakuni wa Amerika, hutia tetrasiklini kidogo, kisha hukagua jino la mnyama aliyenaswa baadaye kujua kama alikula. Kuku aliyelishwa dawa hiyo naye huibeba mifupani, hata nyama yake ikishatakata.

Yai lina kalenda yake. Kiini hujazwa kwa haraka katika siku 10 hivi za mwisho kabla ya kutagwa, tabaka juu ya tabaka, hali ute huongezwa kwa saa chache tu. Dawa iliyoingia leo kwenye kiini kinachoanza kujaa itafika mezani wiki ijayo au zaidi, wakati mfugaji ameshasahau kwamba aliwahi kuitia kwenye maji ya kuku.

Je, wajua kwamba kuna dawa ambayo kuitafuta yenyewe ni kupoteza muda? Jamii ya nitrofurani, hasa furazolidoni, ilipendwa sana na wafuga kuku na nguruwe. Ulaya iliipiga marufuku katika miaka ya 1990 kwa hofu ya saratani. Maabara zikatafuta, hazikuona kitu, kila mtu akaridhika. Kumbe dawa hiyo huvunjika mwilini kwa saa chache, halafu vipande vyake hunasa kwenye protini za nyama na kukaa humo wiki nyingi. Watafiti wa Uholanzi na wa Ireland Kaskazini walibuni namna ya kuvinasua: nyama husagwa, hutiwa asidi inayovikata vipande kutoka kwenye protini, kisha huongezwa kemikali inayovishika usiku kucha ili mashine iweze kuviona. Kipimo hicho kilipoanza kutumika kwa upana mwaka 2002, kamba wa kufugwa na kuku kutoka Asia ya Kusini-Mashariki walinaswa bandarini. Mwaka uliofuata kashfa ikaiangukia Ureno, ndani ya Ulaya yenyewe, na mashamba mengi ya kuku yakafungiwa.

Mwaka huo huo wa 2003 kipande kimoja kinachotafutwa, semikabazidi, kilionekana ndani ya vyakula vya watoto vya kwenye chupa, hata visivyo na nyama. Hakuna aliyezipa karoti dawa. Uchunguzi ulifika kwenye vifuniko: mpira wa kuzibia ulikuwa umeumuliwa kwa kemikali ambayo ikipata joto huzaa semikabazidi. Maabara iliona sawasawa kilichokuwamo, lakini chanzo kilikuwa kingine kabisa.

Kloramfeniko ina kisa cha namna hiyo. Iligunduliwa mwaka 1947 kutoka kwa bakteria wa udongo wa Venezuela, na imekatazwa kwa wanyama wa chakula karibu kila mahali kwa sababu watu wachache sana, bila kujali kipimo walichopata, hufa nayo uboho: mwili huacha kutengeneza damu. Hakuna kiwango salama kilichoweza kuwekwa. Januari 2002 Umoja wa Ulaya ulizuia mazao ya wanyama kutoka China baada ya kuikuta kwenye shehena. Kisha mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi wakaonyesha kwamba majani na mimea ya dawa inaweza kuwa na kloramfeniko ya asili, iliyotengenezwa na bakteria wa ardhini. Mkaguzi akiikuta kidogo sana leo, lazima ajiulize kama ilitoka kwenye sindano au malishoni.

Kwenye machinjio, figo ndiyo inayosema kweli mapema, kwa kuwa ndiyo inayochuja dawa nyingi. Mwaka 1979 Marekani ilianza kutumia kipimo cha pamba: mkaguzi huchoma kijiti chenye pamba ndani ya figo, hukiacha kinyonye maji yake, halafu hukilaza juu ya sahani ya bakteria hadi kesho yake. Bakteria wasipoota kukizunguka kijiti, mzoga haupiti. Antibiotiki iitwayo gentamisini hung'ang'ania figo za ng'ombe kiasi kwamba wataalamu wa Marekani hushauri kusubiri angalau miezi 18 baada ya sindano.

Hukumu ya mwisho hutolewa na mashine inayopima uzito wa molekuli. Ilipata uwezo wa kushika molekuli za aina hii kirahisi kutokana na kazi ya John Fenn, aliyegawiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002 kwa kuonyesha namna ya kurusha kimiminika kuwa matone madogo yenye chaji hadi molekuli zibaki peke yake, nzima, zikiwa hewani. Mashine huipima dawa, huivunja, hupima na vipande vyake. Hakuna anayeweza kuiweka kila kituo cha maziwa, wala hakuna haja.

Kinachohitajika kituoni ni kijiti cha karatasi, ndugu wa vile vya kupimia malaria au ujauzito, ingawa husomwa kinyume: mstari ukififia au ukipotea, dawa imo. Majibu hutoka kwa dakika chache, nyingi zikiwa hazizidi 10. Hakipimi kila mfugaji. Marekani, kila lori la maziwa hupimwa kwa dawa za jamii ya penisilini kabla halijashushwa, lakini dereva hubeba pia chupa ndogo ya sampuli kutoka kila shamba alilopitia. Lori likifeli, chupa zote hufunguliwa na kupimwa moja moja hadi shamba lenyewe lijulikane, na mwenye ng'ombe huyo huwajibika kwa thamani ya shehena nzima, si ya ndoo yake.

Kwetu, mchuuzi hupita nyumba kwa nyumba alfajiri na pikipiki, akamimina lita 3 za huyu juu ya lita 5 za yule ndani ya kopo moja. Akifika kituoni na kopo likakataliwa, hasara ni yake yeye peke yake, na mfugaji aliyemchoma ng'ombe wake sindano juzi, kwa dawa aliyouziwa dukani bila kuelezwa siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa, hapati habari. Vichupa vidogo safi vyenye kifuniko, kimoja kwa kila nyumba, vikiwa na jina kwa kalamu ya wino usiofutika na kuwekwa kwenye boksi lenye barafu, vingembadilishia mchuuzi huyo mambo kuliko mashine yoyote ya mjini.